Dola Moja Hununua Nini Songea?

Wageni wanaofika Songea hawachelewi kuusifu mji wetu kwa jambo moja: kila kitu, wasema, ni rahisi. Mgeni hubadili noti zake za dola, hupewa bunda la shilingi, hushuka Soko Kuu, hunyolewa, humpa fundi cherehani suruali aipunguze, hula wali na maharage kwa mama lishe, na jioni hustaajabu kuona bunda lingali mfukoni. Sifa hiyo hutolewa kwa nia njema, na wengi wetu huipokea kwa tabasamu. Lakini yawapasa wafanyakazi na wakulima kuiuliza swali: urahisi huo umetoka wapi, na ni nani anayeulipia?

Kabla ya kujibu, yafaa tuondoe dhana moja iliyoenea sana vijiweni. Wako wanaopima nguvu ya nchi kwa wingi wa tarakimu za fedha yake. Dola moja katika miaka ya 2024 na 2025 ilipanda hadi kukaribia shilingi zetu 2,700, kisha ikashuka chini ya 2,500, ikapanda tena na kushuka tena. Katika muda huo huo ilikuwa shilingi 129 hivi za Kenya na yen 150 hivi za Japani. Kama tarakimu ndiyo nguvu, basi Mkenya angekuwa tajiri mara 20 kuliko Mtanzania, na Mjapani angekuwa nyuma ya Mkenya! Tena tukumbuke kwamba shilingi yetu na ya Kenya zilizaliwa mwaka mmoja. Benki Kuu ya Tanzania ilipofungua milango yake tarehe 14 Juni, 1966, dola ilikuwa shilingi 7 na senti 14 tu, na Kenya ilikuwa vivyo hivyo. Tangu hapo kila moja imekwenda njia yake. Kwa hiyo bei ya fedha kwa fedha haitoshi kutueleza hali ya maisha. Sharti tuitazame dola ikiwa sokoni, inapogeuka kuwa kitu.

Tuanze na mahindi, maana Ruvuma ni ghala la taifa. Tuhesabu dola kwa shilingi 2,500, na kilo ya mahindi kwa shilingi 700. Dola moja yatupa kilo tatu na nusu. Sasa twende Chicago, katika soko ambako bei ya mahindi ya dunia hutangazwa kila siku. Mwaka 2024 mahindi yaliuzwa huko kwa dola 4 na senti zake kwa kipimo cha kilo 25 na kidogo. Maana yake ni kwamba dola moja ilinunua kilo 6 hivi. Msomaji asidhani tumekosea kuhesabu. Dola ya Mmarekani hununua mahindi mengi zaidi kwao kuliko hapa kwetu, ambako mgeni atuambia vyakula ni vya bure. Ni kweli kwamba yale ni mahindi ya njano, ambayo mengi hulishwa mifugo au kugeuzwa mafuta ya magari, na sisi hatuyapendi kwa ugali. Lakini tofauti kubwa haitokani na rangi. Mkulima wa kule huvuna wastani wa tani 11 kwa hekta, kwa mashine, mbolea na mbegu zilizochaguliwa. Wastani wetu haufiki hata robo yake.

Petroli ni hivyo hivyo. Mwaka 2024 dola moja ilimpa Mmarekani zaidi ya lita moja. Songea haikufika lita, kwa sababu mafuta hulipiwa kwa dola yakiwa bado melini, hutozwa kodi, kisha husafirishwa mamia ya kilometa kutoka bandarini. Mfuko wa mbolea hupita njia hiyo hiyo, na tairi la baiskeli, na dawa za hospitali, na simu ya mkononi. Katika vitu vyote hivi dola haina huruma ya pekee kwa mtu wa Songea. Mara nyingi humtoza zaidi.

Basi dola hupata wapi nguvu zile zinazomstaajabisha mgeni? Tumtazame kinyozi wa Bombambili. Hukinyoa kichwa kwa fedha isiyozidi dola moja, wakati mwenzake wa Chicago aghalabu hutaka dola 20 au zaidi. Wembe ni ule ule, na wakati mwingine mashine zao zimetoka kiwanda kimoja cha China. Kichwa ni kile kile. Wala hatuamini kwamba kinyozi wetu ana mikono myepesi zaidi au mizito zaidi. Tofauti iko katika malipo ya mtu. Na ndivyo ilivyo kwa fundi cherehani, kwa kijana wa bodaboda, kwa mpishi, kwa mlinzi wa usiku, kwa yaya. Kila kitu ambacho ndani yake mna jasho jingi na mashine chache, hapo dola huwa kubwa. Mgeni aliyesema Songea ni rahisi alikuwa anasema, bila kujua, kwamba watu wa Songea hulipwa kidogo.

Hesabu ya mshahara yathibitisha. Tangu Julai 2025 kima cha chini cha mshahara wa serikali ni shilingi 500,000 kwa mwezi, kutoka 370,000. Nyongeza hiyo ilipokelewa kwa furaha, na ilistahili. Kwa hesabu yetu ya 2,500 hizo ni dola 200. Kima cha chini cha Marekani kilichowekwa na serikali kuu yao mwaka 2009 ni dola 7 na senti 25 kwa saa. Mtu wa mshahara huo wa chini kabisa huko hupata dola 200 kwa saa 28, yaani hata siku nne za kazi hazijatimia.

Jambo hili si geni katika mkoa huu. Wazee wetu wanakumbuka jinsi Songea ilivyofanywa kisima cha kuchota vibarua. Vijana walikwenda mashamba ya katani ya Tanga, wakaitwa manamba, wakafanya kazi kwa kipande cha siku 30. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda hata shirika lao la kuwaandika, SILABU. Katani ililipwa kwa pauni huko Ulaya; mkono ulioikata ulilipwa kwa kadiri ya umaskini wa nyumbani kwake.

Mabingwa wa uchumi wamelijua jambo hili siku nyingi. Tangu 1968 kumekuwa na mpango wa kimataifa wa kulinganisha bei za bidhaa na huduma katika nchi mbalimbali. Katika hesabu zake hutokea kila mara kwamba fedha ya nchi maskini hununua nyumbani zaidi kuliko duka la kubadilishia fedha linavyoonyesha. Kwa Tanzania tofauti hiyo ni zaidi ya mara mbili. Hapa ndipo watu wengi, hata wasomi, hupotoka. Wakisikia kwamba mstari wa umaskini wa Benki ya Dunia ni dola 3 kwa siku, kiwango kilichotangazwa Juni 2025, husema: "Dola 3 ni shilingi 7,500, na kwa bei za Songea mtu huyo anaishi vizuri." La. Dola hizo hupimwa kwa bei za Marekani za mwaka 2021. Urahisi wa Songea umekwisha kuhesabiwa ndani yake. Mtu aliye juu ya mstari huo hapa kwetu hana 7,500 mkononi. Ana chini ya nusu yake. Kumhesabia urahisi mara ya pili ni kumnyang'anya kwa kalamu.

Jirani zetu nao wana ya kutufunza. Ng'ambo ya Ziwa Nyasa, ukivuka kutoka Mbamba Bay, dola imekuwa na bei mbili. Malawi ilipunguza thamani ya kwacha kwa asilimia 44 Novemba 2023, na benki zikaiuza dola kwa kwacha 1,750 hivi, lakini mitaani ilipanda juu zaidi sana. Mwenye dola huko alinunua kama mfalme, naye mwenye mshahara wa kwacha alinunua kama yatima. Hatuna haki ya kuwacheka. Mwaka 1985 dola yetu ilikuwa chini ya shilingi 20 kwa bei ya serikali, huku walanguzi wakiiuza kwa bei yao, na madukani sabuni na sukari hazikuonekana. Kufikia 1987 bei ya serikali yenyewe ilikuwa imepita 60.

Mwalimu Nyerere alikuwa na njia yake ya kuyaeleza haya katika mabaraza ya dunia. Aliiacha dola kando, akauliza trekta moja lahitaji tani ngapi za katani. Kati ya 1965 na 1972, alionyesha, tani hizo zilikuwa zimezidi mara mbili kwa trekta lile lile.

Twaona kipimo hicho chafaa kurudishwa. Kahawa ya Mbinga, korosho za Tunduru na tumbaku ya Namtumbo huuzwa kwa bei ya dunia, na shilingi ikishuka mkulima huona noti nyingi zaidi siku ya malipo. Msimu wa kupanda ukifika noti hizo hurudi kwenye mbolea na dizeli, ambazo nazo zimepanda. Vyama vya ushirika vina mbao za matangazo, na bei ya kilo ya zao huandikwa hapo kila msimu. Tunapendekeza chini yake iandikwe, kwa chaki hiyo hiyo, kilo ngapi za zao hilo hununua mfuko mmoja wa mbolea leo, na ni kilo ngapi zilizoununua mwaka jana.