Mstari wa Sensa Mbili

Wiki iliyopita tuliona kwamba katika nukta moja hupita mistari isiyo na hesabu, bali katika nukta mbili hupita mmoja tu. Leo tuuandike mlinganyo wake, na nukta zetu tuzichukue kwenye sensa ya Uganda. Mwaka 2002 nchi ilikuwa na watu milioni 24.2, mwaka 2014, milioni 34.6. Kwanza tafuta mteremko: ongezeko la watu, milioni 10.4, ligawe kwa miaka 12, upate karibu 0.867, yaani watu 867,000 kila mwaka. Mwaka 2002 ukiwa sifuri, na x ikiwa miaka iliyopita tangu hapo, y = 0.867x + 24.2. Anayependa kuanzia 2014 ataandika y − 34.6 = 0.867(x − 12). Akifungua mabano atafika pale pale. Mwanafunzi ashike jambo moja: mpangilio wa kutoa uwe ule ule juu na chini. Akiugeuza upande mmoja, mteremko utakuwa hasi, na nchi inayokua itaonekana inapungukiwa na watu.

Mtu atauliza: nani amesema watu huongezeka kwa mstari mnyoofu? Ana haki. Mlinganyo wetu unaitabiria 2024 watu milioni 43.3, lakini sensa ya mwaka huo ilihesabu milioni 45.9. Kurudi nyuma ni kubaya zaidi: y inakuwa sifuri karibu na 1974, kana kwamba Uganda haikuwa na mtu, ilhali sensa ya 1969 ilihesabu milioni 9.5, na makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kusini-magharibi mwa nchi, yalikuwa yameshapokea wakimbizi wa Rwanda miaka mingi kabla. Hata hivyo silioni kosa hilo kuwa sababu ya kuutupa mstari. Katikati ya nukta zake unasaidia: kwa 2008 unatoa milioni 29.4, na anayekadiria kwa ongezeko la asilimia isiyobadilika hupata karibu 28.9. Nukta mbili zinatosha kuuandika mlinganyo. Kuuamini nje ya nukta hizo kunahitaji shahidi wa tatu.

Sasa shika kalamu, msomaji, uunganishe 2014 na 2024. Mteremko utakuwa 1.13, na mstari huo umesimama zaidi kuliko wa kwanza.