Sindano ilishuka, shofere akafurahi

Ukitoka Kamanyola kurudi Bukavu, kwa kupanda Ngomo, kila shofere anajua mahali ambapo motere inaanza kulalamika. Ni pale Land Rover ya kazi yetu ilikufa, ikiwa na watu tisa nyuma. Shofere alituambia maneno ambayo patron hakutaka kuyasikia: "Niliona sindano ya joto imepanda, nikaogopa. Kisha ikashuka yenyewe. Nikashukuru Mungu, nikaendelea." Mbele kidogo, kilase ikapasuka. Patron akasema ni uzembe, alipe kwa mshahara wake, mwezi kwa mwezi.

Ndugu wachimbaji, mimi ni mtu wa sendika, si mekanisie. Lakini utamtetea mtu namna gani kama hujui kwa nini sindano inashuka wakati motere inaungua? Nikaenda kwa fundi mmoja wa Kadutu. Alicheka, akasema: "Mkubwa, ile sonda inapima maji, haipimi chuma. Tiyo ikipasuka na maji yakaisha, sonda inabaki katika hewa tupu. Inapoa kidogo, na sindano inashuka. Shofere anaona mambo mazuri, kumbe radiateri iko kavu."

Na sisi wa milimani tuna taabu moja zaidi. Bukavu iko kwenye mita karibu 1,500, na kwa urefu huo maji yanachemka kwenye digrii 95 hivi, si 100. Kofia ya radiateri ikiwa nzima inafunga mgandamizo, maji yanavuka hata 100 bila kuchemka. Ikiwa imechoka, kama kofia nyingi tunazoziona hapa, maji yanachemka mapema na yanamwagika njiani.

Siku ile fundi alikuwa na kazi nyingine mkononi: Land Rover Series III ya mzee mmoja aliyestaafu kazi ya mgodi. Mzee alitaka vipimo vya kisasa vya elektroniki, lakini alikataa kabisa tablo yake iguswe. Zile saa nyeusi zenye sindano nyeupe amezitazama tangu ujana wake. Namuelewa. Fundi akatafuta njia ya katikati: saa za zamani zikabaki mahali pake, na kipimo kipya kikafichwa chini ya tablo, karibu na goti la shofere. Kioo chake ni kidogo, na kina kengele inayolia.

Kabla ya kununua chochote, fundi alinionyesha kitu ambacho kingeokoa pesa za watu wengi. Katika Land Rover hizo, saa ya joto na saa ya mafuta hazipati volti 12 za batri. Nyuma ya tablo kuna kasanduku kadogo kanakokata moto na kuurudisha, kukata na kurudisha, mpaka zile saa zinaona kama volti 10. Kakiharibika, saa zote mbili zinadanganya pamoja. Kwa hiyo, ukiona mafuta na joto vimepanda pamoja au vimelala pamoja, usikimbilie kununua sonda. Angalia kale kasanduku kwanza. Na kipimo kipya usikifunge kwenye waya huo. Chukua moto wa volti 12 unaokuja baada ya kontakti, na fizibule yake ndogo, ya ampere 2 au 3.

Sonda nayo lazima itoke pamoja na kipimo chake. Kila fabriki ina hesabu yake ya omu. Ukichanganya sonda ya huku na saa ya kule, utasoma uongo mzuri sana. Tena sonda nyingi zinapata masi kupitia nyuzi zake, pale inapokazwa kwenye chuma. Ukiizungushia tefloni nyingi kuzuia maji, unaweza kukata masi, na kipimo kinakufa kabla hakijaanza kazi.

Kwa mzee yule fundi aliweka sonda mbili. Moja ya mgandamizo wa mafuta ya motere, na moja ya joto, lakini hii ya joto aliikaza kwenye chuma cha kilase chenyewe, chini ya boloni. Maji yakitoka, chuma kinaendelea kupanda joto, na kengele inalia. Ile ya mafuta ya motere inanikumbusha manometa ya kompresa yetu ya shimoni, ambayo inatokana na kazi ya Mfaransa Bourdon, tangu 1849: bomba jembamba lililopindwa, linalojinyoosha mgandamizo ukipanda. Ni chombo kizuri, ila katika gari kinaleta bomba la mafuta ya moto mpaka karibu na miguu ya shofere. Cha elektroniki kinaleta waya tu.

Udhaifu kinao. Hapa kwetu tunawasha gari kwa batri ya jirani, kisha tunaiondoa motere ikiwa inatembea ili tumrudishie mwenyewe. Volti inaruka juu kwa ghafla na elektroniki inaungua. Sindano za zamani zilivumilia mambo hayo.

Kuna jambo linalonisumbua zaidi. Vipimo vingine vinakumbuka: vinahifadhi joto la juu kabisa lililofikiwa. Kwa shofere wetu, kumbukumbu hiyo pamoja na kengele vingemtetea kuliko maneno yangu yote. Lakini kesho patron mwingine ataisoma ili kumfukuza mtu. Ndiyo maana mimi nasema: isomwe delegasio ya sendika ikiwa hapo, si ofisini peke yake.

Kesi yetu ilichukua miezi miwili. Fundi alikubali kuja kueleza mbele ya patron, na ile tiyo iliyopasuka mkononi. Mwishowe walikata mshahara wa mwezi mmoja tu, na huo mmoja bado unaniuma. Katika orodha ya mwaka huu, chini ya buti na taa, tumeandika kengele ya joto kwa kila gari linalobeba wafanyakazi. Jibu bado.

Shofere amepewa gari jingine, nalo halina kengele. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha, anafungua radiateri na kutia kidole ndani.