Kuwasha seva kupitia mtandao: Kazi nyepesi, hatari nzito

FUNDI aliyekabidhiwa seva 20 katika ofisi iliyopo Sinza au Mbagala, jijini Dar es Salaam, akitumia flashi moja na dakika 30 kwa kila seva, atahitaji saa 10 kuziwekea mfumo endeshi.

Kazi hiyo yaweza kufanyika kwa pamoja, bila flashi wala santuri, endapo seva zitawashwa kupitia mtandao wa ndani wa ofisi. Utaratibu huo, unaojulikana kama PXE, ulibuniwa na kampuni ya Intel ya Marekani, na toleo lake la 2.1 lilitoka mwaka 1999.

Seva inapowashwa, kadi yake ya mtandao hutangaza kwamba inahitaji anwani. Huduma ya kugawa anwani, DHCP, huipatia anwani hiyo, ikaitajia pia jina la faili la kuanzia na mashine linakopatikana.

Seva hulichukua faili hilo kwa njia ya TFTP, kisha huvuta sehemu zilizobaki za mfumo. Maswali kuhusu lugha, ugawaji wa diski na neno la siri hujibiwa na faili la majibu lililoandaliwa mapema. Hivyo seva zote hufanana.

Hata hivyo, wepesi huo una gharama yake. Katika hali ya kawaida, seva haiulizi ni nani aliyeijibu. Ruta ya ofisi ikiwa nayo inagawa anwani, majibu hugongana na kazi hukwama.

Hatari kubwa zaidi hutokea baada ya kazi kukamilika. Seva ikiachwa ianzie kwenye mtandao kabla ya diski, na huduma ya kuweka mfumo ikaachwa wazi, umeme ukikatika na kurudi, seva itawekewa mfumo upya na kumbukumbu zote za ofisi zitafutika. Hata kompyuta ya mhasibu yaweza kukumbwa na balaa hilo.

Kwa sababu hiyo, inafaa kazi ifanyike katika mtandao uliotengwa, ikianza na seva moja ya majaribio. Faili la majibu litolewe kwa seva zilizoorodheshwa tu, kwa namba za kadi zao. Kila seva ikikamilika, irejeshwe kuanzia kwenye diski yake.

Zaidi ya yote, nakala za kumbukumbu zihifadhiwe kwingine kabla ya kuanza. Tahadhari kabla ya hatari.