Je, Wajua? Injini ya boti kwa fundi wa bodaboda

Dandora haina bahari wala ziwa. Kuna Mto Nairobi, ambamo hakuna nahodha angetia mashine yake, na kuna mabwawa ya majitaka yanayoitwa ya Dandora ilhali yako Ruai. Hata hivyo, pita Phase 1 hadi Phase 5 ukiuliza: hutakosa mtu ambaye mjomba wake anavua Mbita, au shemeji yake anavusha abiria kutoka Mokowe hadi Lamu. Mashine ikikataa kuwaka huko, simu hupigwa huku. "Hebu niulizie fundi." Basi safu ya leo ni ya fundi huyo, ambaye kazi hii anaijua kuliko anavyodhani.

Je, wajua kwamba bodaboda ya cc 150 ina nguvu farasi kama 12 hivi, na ile Yamaha ndogo ya wavuvi, ya kuchanganya oili, ina 15? Ni ndugu kabisa: kabureta, plagi, pistoni. Hiyo ya boti ina silinda mbili, cc 246, na uzito wa kilo kama 36, yaani mzigo wa kubebwa begani na mtu mmoja. Ndiyo maana mvuvi mwenye busara huing'oa jioni akalala nayo ndani. Mwizi naye ana bega.

Tofauti ni kwamba pikipiki hupumzika kwenye mteremko. Injini ya boti hupanda mlima tangu inapong'oa hadi inapotia nanga, na haina gia ya kubadilisha. Ina mbele, nyutro na nyuma tu.

Wajua basi gia yake iko wapi? Iko kwenye propela. Ukiona imeandikwa 9¼ x 9, namba ya kwanza ni upana kwa inchi. Ya pili ni inchi ambazo propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama maji yasingeteleza. Kijana anayefunga propela yenye namba kubwa ya pili ili boti ikimbie, huku amepakia nyavu, barafu na watu sita, ni sawa na anayeondoa bodaboda kwa gia ya nne akiwa na abiria watatu. Injini italia, boti itajikokota, na lawama zitaangukia kabureta.

Je, wajua ni kosa gani dogo zaidi linalozima injini katikati ya maji? Skrubu ya hewa kwenye kifuniko cha tangi. Ikisahaulika imefungwa, injini huwaka vizuri, hutembea dakika chache, kisha hukohoa na kufa. Tangi limebaki bila hewa, petroli haivutiki tena. Dalili yake iko wazi: ile pampu ya mpira ya mkononi, iliyo kwenye paipu ya mafuta, huwa imesinyaa kama chungwa lililonyonywa. Legeza skrubu, minya pampu mpaka iwe ngumu, vuta kamba. Nimeona kabureta ikifunguliwa yote mezani, vipande vikapangwa kwenye gazeti, kabla ya mtu kugusa hiyo skrubu.

Pampu hiyohiyo ikikataa kuwa ngumu hata uiminye mara thelathini, tafuta mahali paipu inapovuta hewa: viungo, klipu, ufa. Na mshale uliochorwa juu yake lazima uelekee injini.

Oili. Hapa mazoea ya pikipiki za zamani huponza. Nyingi za injini hizi huchanganywa 50 kwa 1, yaani mililita 20 kwa kila lita ya petroli. Tangi la lita 24 linataka mililita 480, karibu chupa ya soda ya nusu lita. Injini mpya hupewa maradufu katika saa zake za kwanza. Kitabu chake kitakuambia ni saa ngapi. Na kwenye kopo tafuta alama TC-W3. Injini ya boti hupozwa na maji, hivyo hufanya kazi ikiwa na joto dogo kuliko ya pikipiki inayopozwa na upepo. Oili isiyo yake huacha uchafu kwenye plagi na ringi. Zile za kisasa zenye oili yake chini, kama bodaboda za leo, hazichanganywi kamwe.

Wajua kwamba mwaka 2018 serikali ya Kenya iliongeza tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili watu waache kuyatia kwenye petroli na dizeli? Petroli iliyochakachuliwa huifanya injini iwe ngumu kuwaka, itoe moshi na kugonga. Kichekesho ni kwamba Yamaha wenyewe huunda injini za boti zinazotumia mafuta ya taa: huwashwa kwa petroli, zikipata moto hugeuzwa. Lakini hizo ziliundwa hivyo tangu kiwandani. Ya mjomba pengine siyo.

Sasa maji. Nyuma ya injini inayofanya kazi huchuruzika mkondo mwembamba wa maji. Nahodha huutazama kama mama anavyotazama maziwa jikoni. Ukikatika, zima papo hapo. Chini, ndani ya mguu wa injini, kuna gurudumu la mpira liitwalo impela, ndilo linalopandisha maji ya kupoza. Kuwasha nchi kavu, hata kwa dakika moja ya kujaribu tu, kunaweza kuliunguza. Kwa hivyo fundi wa Dandora, kabla hujavuta kamba, zamisha mguu kwenye pipa la lita 200 lililojaa. Na mkondo usipotokea, usikimbilie kununua impela. Chokoa tundu unakotokea mkondo huo kwa waya mwembamba kwanza, kisha angalia vichujio vya chini: huko Ziwa Victoria huziba kwa magugu maji na matope.

Oili ya gia ikitoka nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia. Mara nyingi mkosaji ni uzi wa nailoni uliojiviringisha nyuma ya propela na kukata sili. Ukijaza mpya, jaza kupitia tundu la chini mpaka imwagike juu. Ukianzia juu utafungia hewa ndani.

Injini inanguruma, boti haiendi? Kwenye mashine ndogo, pini ya propela imekatika. Imefanya kazi yake: imegonga mwamba ikafa ili gia zipone. Najua Kariobangi Light Industries watakuchongea pini ya chuma kigumu isiyokatika milele. Usikubali.

Wanaotumia maji ya chumvi huisafisha ndani kwa maji baridi kama dakika kumi baada ya safari, na hawapaki rangi kile kipande cha zinki kilichofungwa chini. Kimewekwa ili kiliwe na kutu badala ya injini.

Na iliyozama? Wajua kwamba kuianika juani ndiko kuimaliza? Ikitoka majini, kutu huanza mara moja. Ioshe kwa maji baridi, toa plagi, zungusha kwa mkono maji yatoke, mimina oili kwenye silinda, iwashe siku hiyohiyo. Ikikwama au ikisaga mchanga, usilazimishe. Kama fundi yuko mbali, ni heri ibaki ndani ya pipa la maji baridi mpaka afike.

Mwisho, ile kamba nyekundu yenye klipu. Nahodha akianguka, mpini ukiachwa hujigeuza, boti huzunguka na kumrudia yeye mwenyewe na propela. Kamba ikiwa mkononi mwake, injini huzima. Marekani imelazimisha matumizi yake kwa boti ndogo tangu tarehe 1 Aprili 2021. Huku kwetu mara nyingi utaikuta imefungwa palepale kwenye injini, haimshiki mtu. Fundi, usimrudishie mtu mashine yake kabla hujaichomoa klipu hiyo injini ikiwa inanguruma, na kusikia imenyamaza.