Je, Wajua? Siri ya Harufu ya Karafuu

Je, wajua kwamba harufu kali ya karafuu hutokana hasa na kemikali moja, yujenoli? Molekuli yake ina atomi 10 za kaboni, 12 za haidrojeni na 2 za oksijeni. Katika mafuta ya karafuu, kemikali hii huwa zaidi ya nusu, na mara nyingi hupita asilimia 70. Imo kwa wingi pia katika majani ya mdalasini.

Yujenoli peke yake huchemka kwenye nyuzijoto 254 za Selsiasi. Ikipitishiwa mvuke wa maji, hutoka kabla ya kufika nyuzi 100. Hivyo ndivyo makonyo ya karafuu yanavyokamuliwa mafuta kisiwani Pemba. Mvuke ukipoozwa, mafuta hujitenga na maji. Ajabu ni kwamba hayaelei kama ya nazi. Huzama chini, kwa kuwa ni mazito kuliko maji.

Madaktari wa meno huchanganya yujenoli na oksidi ya zinki kuziba jino kwa muda. Lakini tahadhari: mafuta haya yasipozimuliwa huunguza fizi, na mtoto akiyameza ni sumu. Yawekwe mbali na watoto.