Vishikwambi vya Walimu na Mtoto Anayerudi Kutoka Shambani



Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022 ilituachia, pamoja na takwimu zake, urithi ambao wengi hawakuutarajia. Vishikwambi vilivyotumiwa na makarani wa sensa vilikabidhiwa baadaye kwa walimu wa shule za umma nchini. Mzazi wa Mbingu anayo haki ya kuuliza: je, katika chombo hicho kuna kitu kinachomfikia mwanangu darasani?

Nawafikiria hasa watoto wenye umri kati ya miaka 11 na 14, yaani wale wa madarasa ya mwisho ya shule ya msingi na wanaoanza sekondari. Wazee wetu wanaikumbuka shule ya kati ya enzi za ukoloni, iliyoanza darasa la tano hadi la nane. Jina limepotea, lakini ugumu wa umri ule umebaki. Katika bonde letu unaongezeka kwa sababu tunayoijua sote. Msimu wa mpunga ukifika, familia nyingi huhamia kwenye vibanda vya mashambani, mbali na kijiji, na mtoto mwenye nguvu za kufukuza ndege huenda nao. Anaporudi, wenzake wamekwisha kumaliza mada ya sehemu katika hisabati na wamehamia asilimia. Hakuna anayemrudisha nyuma, naye huona aibu kuuliza.

Kishikwambi kinaweza kusaidia hapo. Taasisi ya Elimu Tanzania inayo Maktaba Mtandao, ambamo vitabu vya kiada vinasomwa bila malipo. Mwalimu anaweza pia kurekodi maelezo yake ya dakika chache kuhusu mada moja, akayahifadhi, na mtoto aliyekosa kipindi akayasikiliza wakati wa mapumziko. Mtandao ukisumbua, kazi iliyokwisha kuhifadhiwa hupita kutoka chombo kimoja hadi kingine kwa kadi ndogo ya kumbukumbu.

Hata hivyo, mwalimu mmoja mwenye darasa lililofurika hawezi kuandaa hayo yote peke yake. Ndiyo maana nauona mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, unaojulikana kama MEWAKA, kuwa na uzito kuliko vifaa vyenyewe. Kwa mpango huu walimu hukutana shuleni kwao katika jumuiya za ujifunzaji. Huchagua mada inayowasumbua wanafunzi, huandaa somo kwa pamoja, mmoja hulifundisha huku wengine wakitazama, kisha hurudi kujadili walichokiona. Sisi Wakatoliki hatupaswi kushangazwa na utaratibu huo. Tangu maaskofu wa AMECEA walipozifanya Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo kuwa kipaumbele cha kichungaji, katika mikutano yao ya miaka ya 1970, tumejifunza kwamba Neno likitafakariwa na majirani kumi huzaa mambo ambayo mahubiri ya padre peke yake hayazai. (Nakiri, mapadre hatupendi sana kuambiwa hivyo.)

Chukueni mfano wa sehemu. Mtoto huona nane ni kubwa kuliko nne, akahitimisha kwamba moja ya nane ni kubwa kuliko moja ya nne. Mwalimu aliye peke yake husahihisha kwa alama ya mkasi na kuendelea. Walimu watatu waliokaa pamoja huuliza kosa hilo linazaliwa wapi, halafu mmoja hukumbuka kwamba watoto hawa wanapima mpunga nyumbani. Kipimo cha lita 4 ni sehemu ya tano ya debe la lita 20. Mtoto anayamimina mwenyewe na kuhesabu. Somo hilo likipigwa picha na kurekodiwa, mwalimu wa shule jirani hulipokea tayari, na mtoto aliyetoka shambani hulikuta likimsubiri.

Kuna sababu ya kuharakisha. Mtaala mpya ulioanza Januari 2024 umeifanya elimu ya msingi kuwa ya miaka sita. Kwa hiyo mwaka 2027 darasa la sita na darasa la saba yatamaliza kwa pamoja, na Januari 2028 makundi mawili yataingia kidato cha kwanza, ambako lugha ya kufundishia hubadilika na kuwa Kiingereza. Ingefaa walimu wa msingi na wa sekondari iliyo karibu waanze kukaa meza moja sasa, wakati watoto hao bado wako mikononi mwa walimu wanaowafahamu kwa majina.

Tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano juu ya malezi ya Kikristo, la Oktoba 28, 1965, linawataja wazazi kuwa walezi wa kwanza na wakuu wa watoto wao. Basi katika kikao kijacho cha wazazi, baada ya habari za michango, ulizeni jumuiya ya ujifunzaji ya shule yenu hukutana siku gani, na ni mada ipi waliyoishughulikia mwezi huu. Ikiwa walimu wanakosa umeme wa kuchaji vifaa, halmashauri ya kigango izungumze nao. Penye umeme wa jua kanisani, chaji ya siku moja haitatupunguzia kitu. Na anayelazimika kuhamia shambani amwage mwalimu wa darasa kabla ya kuondoka, wakubaliane ni masomo yapi mtoto atawekewa hadi siku atakaporudi.