Sura ya Saba: Kufuli Limo Ndani ya Faili

Wapo wafanyakazi ambao nyumbani wanatumia programu huria, mfumo wa Linux na programu ya ofisi ya LibreOffice, kwa kupenda wenyewe, lakini wakifika ofisini wanawasha Windows na kufungua Microsoft Office kwa sababu hawana namna nyingine. Ukiwauliza kinachowakwamisha, watakutajia mkuu wa idara ya TEHAMA, au mazoea ya wenzao. Wengine husema programu huria hazina sura ya kueleweka, au hazizungumzi lugha ya watu. Sababu hii ya mwisho ilishajaribiwa hapa kwetu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu kamili ya ofisi iliyo bure na iliyo kwa Kiswahili. Ofisi zetu hazikuhama. Lugha ilipatikana, bei ikaondolewa, na bado watu walibaki walipokuwa.

Mimi naamini kinachowashika ni faili. Programu inaiandika kazi yako kwenye diski kwa muundo fulani, na swali kubwa ni nani mwingine anaweza kuusoma muundo huo bila kupoteza kitu.

Chukua fomu ya kawaida ya kurasa mbili, yenye jedwali na nafasi ya kutia sahihi. Imeandikwa kwenye Word kwa fonti ya Calibri, ambayo ndiyo Word ilikuwa ikianza nayo tangu toleo la 2007. Calibri ina leseni ya kampuni, kwa hiyo haiji na Linux. LibreOffice huweka mahali pake fonti huria iitwayo Carlito, ambayo kila herufi yake imepimwa ili iwe na upana uleule wa herufi ya Calibri. Umbo la herufi linatofautiana kidogo, lakini mstari unakatika palepale ulipokatika kwenye Word. Ni kazi ya uvumilivu mkubwa, na mtumiaji wa kawaida haioni kwa sababu imefanywa vizuri. Tatizo linaanza pale mtumaji anapotumia fonti isiyo na mwenzake wa namna hiyo. Kuanzia 2023 Microsoft ilianza kuiondoa Calibri kwenye nafasi yake na kuweka Aptos. Fonti isipokuwepo na upana ukatofautiana, neno moja linashuka mstari wa chini, safu ya jedwali inasukumwa ukurasa wa pili, na nafasi ya sahihi inajikuta peke yake kwenye ukurasa wa tatu. Bosi akiiona anauliza, "Mbona umeivuruga fomu?" Hakuna atakayeuliza kuhusu leseni ya fonti. Kesho yake umerudi kwenye Word.

Ukitaka kuona jinsi kufuli hili linavyodumu, fungua Excel, andika 60 kwenye seli, kisha ibadilishe seli hiyo iwe ya tarehe. Utaonyeshwa 29 Februari 1900. Siku hiyo haikuwahi kuwepo duniani. Mwaka wa mwisho wa karne huwa mrefu pale tu unapogawanyika kwa 400, na 1900 haugawanyiki. Kosa hilo lilitoka Lotus 1-2-3, programu ya lahajedwali iliyotoka mwaka 1983 na kutawala maofisini. Excel ilipoingia sokoni ilikuwa ngeni, na watu walikuwa na mahesabu yao ya miaka kwenye Lotus. Microsoft ikaiga kosa lile kwa makusudi, ili tarehe za wateja wa Lotus zifunguke zilivyo. LibreOffice nayo imelazimika kujipanga: siku yake ya sifuri ni 30 Desemba 1899, kusudi kuanzia 1 Machi 1900 namba zake zilingane na za Excel. Ukiandika 60 humo unapata 28 Februari. Lotus imeshatoweka sokoni, na kosa lake bado linatuamulia kalenda. Hata Microsoft, kabla haijawa mwenye nyumba, ilipita kwenye mlango wa mafaili ya mwingine.

Sasa linganisha kazi mbili zinazokaribiana sana, ya mchora ramani na ya mchora majengo. Kampuni ya Esri, inayouza programu za ramani, ilichapisha mwaka 1998 maelezo kamili ya muundo wake wa shapefile. Yeyote aliweza kuyasoma na kuandika programu yake. Mwaka 2002 Gary Sherman alianza QGIS, programu huria ya ramani, na leo mtaalamu wa ramani anaweza kufanya kazi na QGIS mwaka mzima bila anayepokea kazi yake kujua tofauti. Mradi wa Ramani Huria, ulioanza 2015 jijini Dar es Salaam, ulikusanya wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wa mitaa wakachora barabara, nyumba na mifereji ya maeneo yanayofurika. Data zao ziliingia OpenStreetMap, ramani huria ya dunia, ziko wazi, na zinafunguka kwenye QGIS bila kumwomba mtu ruhusa.

Mchora majengo hana bahati hiyo. Mhandisi, mkandarasi na mteja wanamdai faili la DWG la AutoCAD, na Autodesk, kampuni yenye AutoCAD, haijatoa maelezo ya wazi ya muundo huo. Tangu 1998 kuna muungano wa kampuni, Open Design Alliance, unaoufumbua muundo huo kwa kuuchunguza kutoka nje. LibreCAD, programu huria ya uchoraji, inasoma DWG kwa kiasi, na inahifadhi kwa DXF, muundo mwingine wa michoro ulio wazi zaidi. Kijana anayeanza ofisi yake ya uchoraji analipa leseni ya kila mwaka kwa sababu ya mtu wa upande wa pili wa barua pepe. Hili linaniuma, kwa kuwa mchoro ni wake na nyumba ni ya mteja, ila ufunguo uko kwa mtu wa tatu.

Jiji la Munich, Ujerumani, lilijaribu kuvunja kufuli kwa nguvu. Baraza lake liliamua mwaka 2003, na kufikia 2013 kompyuta 15,000 hivi zilikuwa zimehamia LiMux, Linux ya jiji lenyewe. Wataalamu wake waliandika hata programu yao ya kusimamia fomu na violezo, WollMux. Lakini ofisi nyingine, kampuni na wananchi waliendelea kuleta mafaili ya Word na Excel, na malalamiko hayakukoma. Siasa nazo zilibadilika, meya mpya akaingia 2014, na mwaka 2017 baraza likapiga kura kurudi Windows. Jimbo la Schleswig-Holstein, hukohuko Ujerumani, ambalo Aprili 2024 lilitangaza kuhamisha kompyuta 30,000 hivi kwenda LibreOffice, limeweka mkazo kwenye muundo wenyewe: ODF ndio uwe wa kawaida kwa hati zake. ODF, muundo wa wazi ambao LibreOffice huhifadhi nao, ni kiwango cha kimataifa cha ISO tangu 2006. Naona jimbo hilo limeshika pale panaposhikika.

Mfanyakazi mmoja hawezi kuibadilisha ofisi, lakini nakala ya mwisho ya kazi yako itume kwa PDF, mchoro uambatanishe na DXF, na kumbukumbu za miaka zihifadhi pia kwa ODF. Na kama wewe ndiye unayeandika hati ya zabuni ya mfumo mpya, usibishane kuhusu jina la programu. Ongeza kifungu kimoja: muuzaji alazimike kutoa data zote za ofisi, wakati wowote zikihitajika, kwa muundo uliochapishwa hadharani na bila malipo ya ziada. Akikataa kutia sahihi kifungu hicho, mtafute mwingine.